Je, Mfumo Endeshi Huria Ubebe Programu Zisizo Huria?

SWALI: Mhariri, nilisakinisha mfumo endeshi huria (ambao yeyote ana ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza) katika kompyuta yangu mpakato, lakini Wi-Fi haikufanya kazi mpaka nilipoongeza faili ambalo msimbo wake chanzo, yaani maandishi asilia ya programu, haujatolewa kwa umma. Ikiwa watunzi wa mifumo hii wanatetea uhuru kwa dhati, je, ni halali kwao kusambaza faili kama hilo?

JIBU: Ndugu msomaji, faili hilo ni programu dhibiti, yaani maagizo yanayopakiwa ndani ya kadi ya Wi-Fi kila kompyuta inapowashwa, na pasipo hayo kadi haifanyi lolote.

Wakfu wa Programu Huria, shirika la kutetea programu hizo lililoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1985, hauyakubali maagizo hayo yasipokuwa huria, na matoleo ya mfumo endeshi unayoyaidhinisha, kama Trisquel na Parabola, huyaondoa kabisa. Msimamo huo nauheshimu, ila una kasoro inayonikera: kifaa chenye maagizo ya aina hiyohiyo yaliyochomwa kiwandani ndani ya chipu hakina pingamizi, ilhali kinachoyapokea kutoka kwenye diski hukataliwa, japokuwa mtumiaji amefungwa mikono kote kuwili.

Mradi wa Debian, unaotunza mfumo endeshi huria wa jina hilo, ulikuwa umeziweka programu zisizo huria pembeni kwa miaka mingi, anayezihitaji azitafute mwenyewe. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura, na tangu toleo la 12, lililotoka Juni 2023, kisakinishi rasmi hubeba programu dhibiti hizo, zikiwa zimetengewa sehemu yake, na mtumiaji hujulishwa zilizotumika. Naamini walifanya haki. Mtu asiyeweza hata kuingia kwenye intaneti atarudi kwenye mfumo funge, yaani usio huria, na huko atapoteza uhuru wote badala ya sehemu yake. Tena kuna suala la usalama: udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre ulipotangazwa mwaka 2018, baadhi ya masahihisho yalitolewa kama faili funge za aina hii, na kumnyima mtumiaji faili hizo ni kumwacha hatarini.

Ruhusa hiyo, hata hivyo, nisingeipanua hadi kwenye vivinjari wala programu za ofisi, kwa kuwa huko mbadala huria upo na unatosha. Nawe ukipata nafasi ya kununua adapta nyingine ya Wi-Fi, tafuta yenye chipu ya Atheros AR9271, ambayo msimbo chanzo wa programu dhibiti yake umewekwa wazi.