Futa hayo maneno uliyowaandikia, kisha tuongee

Simama hapo hapo. Usibonyeze kitufe chochote cha kurekodi.

Kwa waliochelewa: mleta uzi ana wanafunzi sita wenye mahitaji maalumu, kishikwambi kimoja, na wiki tatu kabla ya kuonyesha filamu fupi za "ndoto zangu za baadaye" mbele ya wazazi. Anauliza programu gani ya kuhariri ni nyepesi, kila kipande kiwe na urefu gani, muziki autoe wapi, na ruhusa ya wazazi iandikwe vipi. Halafu chini kabisa, kama mtu anayekumbuka kitu njiani, anaongeza: "Maneno yao nimeshawaandikia. Wawili hawaongei, hao watasomewa na wenzao."

Programu, urefu, muziki na ruhusa vitasubiri. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo imenitoa kitandani.

Naona walionitangulia wamekumwagia hongera, "kazi ya wito hiyo mwalimu", na viganja vya makofi. Mimi sikupi. Nilishapewa hizo hongera zote, na kila nikizikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 16 mwenye mtindio wa ubongo, ule unaokamata misuli. Haongei kwa mdomo, mikono inamsumbua, lakini anasikia na anaelewa kila kitu, pamoja na yale mnayonong'onezana walimu mkidhani hayupo. Nimwite Rubani. Si jina lake. Ni jina nililombandika mimi, na hapo ndipo penye dhambi yenyewe.

Alikuwa na ubao wa mawasiliano wenye picha 24: kula, kunywa, choo, kulala, maumivu, furaha, mama, mwalimu, mpira, ndege, na kadhalika. Nani alichagua hizo picha? Sisi. Nenda kautazame ubao wa wanafunzi wako sasa hivi. Utakuta ni orodha ya mambo ambayo mhudumu anahitaji kuyajua ili zamu yake iishe salama. "Hapana" haikuwepo. "Sio hivyo" haikuwepo. "Kitu kingine" ndiyo kabisa, hatukuwahi hata kuiwaza.

Nikamwuliza: ukimaliza shule unataka nini? Akahangaika, kidole kikatua kwenye ndege. Nikasema, "Ahaa, unataka kuwa rubani?" Akatabasamu. Uchunguzi wangu wote uliishia hapo. Mahakama ingenitaka ushahidi ningesema: tabasamu, mheshimiwa.

Sasa nije kwa bwana aliyenifundisha hivyo, maana kosa nimelikiri lakini sikulizua peke yangu. Muda mfupi kabla ya hapo nilitoka kwenye warsha ya siku tatu ya kutengeneza hadithi za medianuwai, yaani picha, sauti na video kwa pamoja, na watoto wenye ulemavu. Mwezeshaji alikuja na kompyuta yenye stika nyingi kuliko vitufe. Akatufundisha kwamba skripti ndiyo hutangulia, kwamba mtoto asiyeongea aulizwe maswali ya ndiyo na hapana tu "ili asichoke", na kwamba filamu nzuri humwacha mtazamaji na leso mkononi. Nikaandika yote kwenye daftari. Neno leso nililipigia mistari miwili. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: bwana mkubwa, umewahi kukaa na mtoto asiyeongea nusu saa nzima bila kumtafsiri? Waliita kazi yake kuwezesha, na kweli aliniwezesha: niliweza kumziba mdomo mtoto ambaye mdomo ulishamgomea.

Na hilo la ndiyo na hapana si siri ya juzi. Mwaka 1981 Carol Sigelman na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa watu wenye ulemavu wa akili wakiulizwa maswali ya aina hiyo huelekea kujibu "ndiyo", hata pale ambapo ndiyo ya sasa inapingana na ndiyo ya dakika tano zilizopita. Rubani hana ulemavu wa akili. Yeye alinyimwa hiyo hapana yenyewe. Nilikuwa naendesha uchaguzi wa mgombea mmoja halafu nashangilia ushindi.

Basi nikamwandikia. "Mwili wangu uko kwenye kiti cha magurudumu, lakini moyo wangu uko mawinguni." Ndiyo, niliandika mimi hiyo, mnaweza kucheka. Nikatafuta mwanafunzi mwenye sauti tamu akasoma. Stephen Hawking, yule mwanafizikia, aling'ang'ania sauti yake ya mashine ya miaka ya 1980 hata zilipopatikana laini zaidi, kwa sababu aliitambua kuwa ndiyo yake. Mimi kijana wangu nilimwazimia sauti ya jirani bila hata kubisha hodi. Nikaweka kinanda taratibu chini yake. Nikamkata picha, nikambandika kwenye kiti cha rubani, kofia juu. Ukumbi mzima ulilia. Mimi mwenyewe nililia, na ndiye niliyeandika!

Ingeishia ukumbini ningesema ni aibu ndogo. Wiki mbili baadaye kukawa na kikao cha mpango wake wa baada ya shule, na mtu akasema tuanze kwa kuiangalia ile filamu. Baada ya hapo nani angebisha? Malengo yake ya mwaka mzima yakaandikwa kuzunguka ndege. Atambue aina za ndege. Asome habari za viwanja vya ndege. Ajifunze mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege. Msamaria mwema aliyekuwepo ukumbini akaleta usukani wa kuigizia urubani, ule wenye vitufe vidogo vidogo, kwa kijana ambaye kushika kijiko ni vita. Upo stoo mpaka leo. Mwaka mzima, jamani, tena mwaka ambao wenzake walikuwa wanajaribu kazi hii na ile, wanajifunza kutoka peke yao, wanakosea na kurudi. Mtu akiniuliza ile filamu iligharimu kiasi gani, mimi namtajia huo mwaka.

Na alikuwa anatuambia! Kila tukimwekea filamu yake, maana tulikuwa tunampa kama zawadi, anageuza shingo. Tukasema ana haya. Siku nyingine akapiga kelele, tukasema furaha imemzidi. Kuna siku alikisukuma kishikwambi kikaanguka kioo kikapasuka, na kwenye taarifa nikaandika "misuli ilimkaza ghafla". Hiyo taarifa ina sahihi yangu.

Aliyetufumbua macho ni mtaalamu wa usemi na mawasiliano aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa. Aliutazama ubao nusu dakika, akauliza, "Huyu akitaka kukataa, anafanyaje?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Siku hiyo hiyo tukaongeza alama nne: hapana, sio hivyo, kitu kingine, futa. Pembeni tukaweka ubao wa herufi. Halafu mimi, kwa kujisikia kwangu, nikaweka ile filamu ili mgeni aone kazi zetu.

Kinanda hakijashika vizuri, kidole kipo kwenye "sio hivyo". Akagonga tena. Akagonga tena. Aligonga mpaka ubao ukateleza ukaanguka.

Tukampa herufi. Ilichukua karibu dakika 20, bila mtu kumshika mkono, kupata maneno mawili: MLANGO WANGU. Kijana alikuwa anataka kwake. Mahali padogo tu penye mlango anaoweza kuufunga, watu wabishe ndipo waingie, kwa sababu tangu azaliwe kila mtu humwingilia atakavyo. Na ndege je? Herufi nyingine nane: KUONDOKA. Katika picha zote 24 tulizompa, ndege ndiyo pekee iliyokuwa inakwenda mbali.

Nimesema bila mtu kumshika mkono, na narudia, maana atatokea wa kukushauri uwashike "kuwasaidia kuelekeza kidole". Mkimbie huyo. Majaribio ya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalionyesha kuwa maneno yanayopatikana hivyo hutoka kwa mshikaji, hata akiwa mwenyewe hajui kuwa ndiye anayeandika. ASHA, chama cha wataalamu wa usemi na usikivu cha Marekani, kilitoa tahadhari mwaka 1994, na mwaka 2018 kikasema waziwazi isitumike. Ni skripti yako ile ile, imevaa glavu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nimeilipia: mtu ambaye hajawahi kukukatalia kitu, usimrekodi ndoto yake. Hujamsikia bado. Umejisikia mwenyewe.

Unazo wiki tatu. Ya kwanza usirekodi chochote. Hakikisha kila mmoja kati ya sita ana namna ya kukataa: alama ubaoni, ishara, kitufe chenye sauti, kugeuza macho, chochote anachokiweza yeye bila wewe. Kisha mpe mambo ya kukataa. Waulize upuuzi. Mimi huwauliza kama wakikua wangependa kuwa kabati. Anayekubali kuwa kabati ana adabu tu, hajakujibu, na ukimwuliza habari za udaktari atakujibu kwa adabu hiyo hiyo. Mpe kadi isiyo yake uone kama atairudisha. Mwite jina la mwenzake. Siku atakapokutolea macho na kukuambia hapana, shangilia, hapo ndipo kazi imeanza.

Baada ya hapo panga picha kwenye safu tatu: nataka, sijui bado, sitaki. Kuna mbinu ya namna hii iitwayo Talking Mats, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, lakini hata karatasi tatu mezani zinatosha. Anza na safu ya sitaki. Walimu huiruka wakiona inaharibu hali ya hewa, kumbe hapo ndipo mtu anapoonekana sura. Kesho yake rudia ukiwa umegeuza mpangilio, kwa sababu wapo wanaochagua kitu cha mwisho kutajwa. Na nyamaza! Mary Budd Rowe alipowachunguza walimu miaka ya 1970 alikuta wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kulidaka wenyewe, na hao ni walimu wa watoto wanaoongea. Kwa anayeongea kwa ubao mimi nahesabu kimoyomoyo hadi 30, na bado huwa nina haraka.

Atakuja mtu hapa kusema wengine ulemavu wao ni mzito, hawaelewi picha, sasa utamwuliza nini. Mwili wake unakataa kila siku, wewe ndiye unayeuita usumbufu. Andika anachokisukuma, anachokigeuzia mgongo, anachokifuata kwa macho, na filamu yake iwe hivyo hivyo, bila sauti ya mtu mwingine inayosema "mimi nataka kuwa". Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 7, unasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na kupewa msaada unaoendana na ulemavu wake na umri wake. Kusaidiwa kutoa maoni, si kutolewa maoni.

Kama kati yao kuna kiziwi, mikono isikatwe kwenye fremu na dirisha lisiwe mgongoni kwake. Mimi nilishampiga mmoja kuanzia mabegani kwenda juu, nikabaki na dakika nne za mtu anayechezesha nyusi. Mwenye kifafa, achana na taa za kumulika-mulika kwenye filamu.

Kwenye kuhariri, kila kipande mwonyeshe mwenyewe kwanza, na "futa" iwe mbele yake. Akigusa futa, futa kweli, hata kama ndicho kipande ulichokipenda kuliko vyote. Hasa hicho.

Rubani tulitengeneza naye filamu ya pili. Aliitaka kamera ifungwe kwenye mkono wa kiti chake, kinanda kisiwepo, sauti ya ufunguo isikike. Sekunde 48, mlango tu. Tuliupiga mara tisa, maana mara nane alisema sio hivyo na sikuwa naelewa: nilikuwa naufungua, na yeye alitaka ufungwe. Mwishoni nikajipenyeza na kipande changu kifupi cha kumshukuru, sauti ikanitetemeka vizuri kabisa, pale pa leso. Akakitazama chote hadi mwisho, ametulia. Halafu kidole kikaondoka taratibu, kikapita juu ya hapana, kikapita sio hivyo, kikatua kwenye futa.