Unasubiri solo ya kwanza? Usije ukaniambia "poa tu"

Juzi mdogo wangu mmoja anayesomea urubani kanitumia meseji, mwalimu kamwambia wiki ijayo anaruka solo, yaani peke yake bila mwalimu, anauliza kaka nifanyeje nisiogope. Nimekaa nayo siku mbili sijajibu, maana kila nikianza kuandika namkumbuka mwenzangu.

Tulianza mafunzo siku moja na nisidanganye, tulikuwa tunashindana. Kwenye solo nilimtangulia. Mwalimu akashuka, ndege ikawa nyepesi, ikapanda haraka kuliko nilivyozoea, nikajiona mfalme. Ila kona ya mwisho ya kuingia fainali, ile njia iliyonyooka ya kwenda kutua, upepo ukanisukuma kwa nyuma nikapitiliza mstari wa ranwei, nikailaza ndege ili niirudishe, king'ora cha stoli kikalia, kinachoonya kwamba mabawa yanakaribia kuacha kubeba ndege, nikashusha pua chapchap. Nikatua safi, makofi, picha. Mwenzangu akaja, "vipi huko juu?" Nikamjibu poa tu.

Poa tu!

Haikupita saa, naye kona ileile akapitiliza, akailaza, akakanyaga pedali pua igeuke huku anavuta usukani, bawa la ndani likaacha kubeba, ndege ikaanza kuzunguka huku inaanguka. Pale uko kama futi 500 kutoka ardhini, hata mwalimu wa walimu haiokoi. Ripoti ilipotoka niliisoma mara moja tu, ilikuwa kama inanielezea mimi.

Sasa ushauri. Ukilaza ndege digrii 45 bila kupoteza kimo, spidi ya kustoli inapanda kama asilimia 19, digrii 60 ni asilimia 41. Hesabu hiyo wote tuliipata kwenye mtihani, kwenye kona haikuja kichwani. Kwa hiyo ukipitiliza, achana nayo, nyoosha mabawa, throtoli yote (nguvu yote ya injini), panda, zunguka uwanja upya uje kutua tena. Zunguka hata mara tano. Kughairi kutua sio kufeli, narudia tena, sio kufeli, mafuta yapo na ranwei haihami.

Na nyie mlioruka tayari, acheni kujifanya mashujaa mbele ya wanaofuata, mtu akikuuliza vipi huko juu mwambie upepo unatoka wapi na wewe umekosea wapi, hata kama mwalimu yupo anasikia, hata kama utachekwa wiki nzima.

Mdogo wangu, ogopa tu, haina shida. Ukishatua nipigie, ila picha baadaye, kwanza nieleze ulishtuka wapi.