Kila Jumapili namwambia mama nimetoka ibadani

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu ni Kimara, na tangu Septemba nipo Besançon, Ufaransa, ninakosoma Kifaransa. Kabla ya hapo nilikaa Bujumbura miezi minne kwa ajili ya lugha hiyohiyo. Nyumbani nilikuwa naongoza sala za vijana na kuimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na siku ya kuniaga usharika wetu wa Kilutheri (KKKT) ulinifanyia maombi na kunikabidhi bahasha. Huku nimekwenda ibadani mara mbili tu. Watu walikuwa kama kumi, wote wazee, sikuelewa mahubiri na hakuna aliyenisalimia, nikaacha. Jumapili sasa napanda basi la bei nafuu na wenzangu tunatembea miji: Lyon, Strasbourg, Geneva. Mama akinipigia akitoka kanisani saa sita mchana, namwambia na mimi nimetoka ibadani. Wiki iliyopita aliuliza neno lilihusu nini, nikambunia mahubiri mazima. Darasani nako nimekuwa bubu tangu siku niliyosema nonante, yaani tisini, kwenye duka la mikate, watu wakacheka, na Juni nina mtihani wa Kifaransa wa DELF B2. Je, maisha haya ya safari yananitoa kwa Mungu? Nirudi nyumbani?

Binti wa Kimara

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale, kwenye yale mahubiri uliyoyabuni. Binti anayeweza kumtungia mama yake mahubiri mazima kwenye simu, yakaeleweka, bado ana neno moyoni. Kwa hiyo sitakujibu kana kwamba nazungumza na mtu aliyemwacha Mungu. Nakuona kama mtu aliyenyamazishwa na aibu, akaificha aibu hiyo kwa uongo, na sasa uongo wenyewe umekuwa mzigo mzito kuliko kile ulichokuwa unakificha.

Usirudi nyumbani. Si sasa, na si kwa sababu hii.

Tuanze na ulimi wako, kwa maana naamini yote uliyoyaandika yameanzia hapo. Miaka mingi iliyopita nami nilikaa Bujumbura kujifunza Kifaransa, na nilijiunga na kikundi cha sala kilichokutana Jumatano jioni. Siku moja zamu ya kuomba ikanifikia. Nilikuwa najua kuomba tangu shule ya Jumapili, lakini nilifumba macho, nikatafuta neno la Kifaransa la rehema, nikalikosa, na ukimya ukawa mrefu mpaka nikaanza kusikia feni ya darini inavyolia kila inapozunguka. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akanishika kiganja na kuninong'oneza kwa Kiswahili chao cha mtaa wa Buyenzi kwamba niombe tu kwa lugha yangu. Niliomba kwa Kiswahili, nikalia, wakaitikia amina. Hata hivyo wiki mbili zilizofuata sikwenda, kwa sababu mtu aliyezoea kuwaongoza wenzake katika sala, akifika mahali ambapo hawezi hata kuomba chumvi mezani bila kujikwaa, hujiona amerudishwa utotoni, na hilo humuuma kuliko njaa. Ndiyo maana nasema unachokikimbia kanisani na unachokikimbia darasani ni kitu kimoja.

Kuhusu hiyo nonante, nataka ujue kuwa hukukosea. Kifaransa cha Burundi na cha Kongo kililetwa na Wabelgiji, nao husema septante kwa 70 na nonante kwa 90, wakati Wafaransa wa Ufaransa wanasema sitini na kumi, kisha nne mara ishirini na kumi. Ulichokisema dukani ni Kifaransa halali ulichokitoa Bujumbura. Waswisi nao husema vivyo hivyo, na kama siku ile uliyokwenda Geneva ungeitaja nonante kwenye duka lolote, muuzaji angekuhesabia chenji yako bila hata kuinua macho. Usikubali kicheko cha dakika moja kikufunge mdomo mwaka mzima, tena mwaka wenye mtihani. Unajua kuwa DELF B2 ina sehemu nne, kila moja ina alama 25, na kwamba hata ukifikisha jumla ya 50 inayohitajika, ukipata chini ya 5 katika sehemu mojawapo umeanguka mtihani wote. Katika sehemu ya kuzungumza utapewa nusu saa ya kujiandaa, kisha utakaa mbele ya watahini kwa takriban dakika 20 ukitetea hoja yako nao wakikupinga. Bubu hatoki salama mle.

Sasa kanisa. Umezaliwa Dar es Salaam, ambako usharika mmoja wa Kilutheri hujaza watu ibada ya kwanza na ya pili na wengine wakasimama nje chini ya turubai, kwa hiyo ulipowaona wazee kumi kwenye jengo kubwa ulidhani umeingia mahali pa wafu. Hao wazee ni mabaki ya historia ndefu. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV aliifuta Amri ya Nantes ya 1598, iliyokuwa imewapa Waprotestanti wa Ufaransa ruhusa ya kuabudu. Wengi walikimbia nchi, wengine wakalazimishwa kubadili dhehebu, na waliobaki walisali kwa kujificha kwa karibu miaka mia moja. Watu wa namna hiyo hawawi wepesi wa kupiga makofi na kumkumbatia mgeni mlangoni. Tena kuna jambo la desturi ambalo huenda hukuambiwa: kwa Wafaransa anayeingia ndiye anayetangulia kusema bonjour, kama vile kwetu anayefika ndiye anayepiga hodi. Wewe, kwa maelezo yako, hukusalimiwa. Je, ulisalimia?

Nina la kukufurahisha pia. Jirani na Besançon, katika mkoa huohuo wa Doubs, upo mji wa Montbéliard, ambao haukuwa chini ya mfalme wa Ufaransa zama zile bali chini ya watawala wa Württemberg waliokuwa Walutheri, na ukaja kuunganishwa na Ufaransa mwaka 1793. Kwa sababu hiyo Ulutheri ulidumu pale hadharani, na kanisa lao la Saint-Martin, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 17, bado limesimama katikati ya mji. Wewe uliyefika mpaka Geneva kwa basi, hujafika kwa ndugu zako wa karibu. Ukiuliza njia, sema unatafuta temple, maana Waprotestanti wa huko huliita hivyo jengo lao, na ibada yao huitwa culte. Ukiuliza messe utaelekezwa kwa Wakatoliki. Wala usitafute neno Lutheran peke yake kwenye kibao cha mlangoni, kwa kuwa mwaka 2013 Walutheri na Wareformati wa sehemu kubwa ya Ufaransa waliungana kuwa kanisa moja, Église protestante unie de France.

Ukienda, iwe ni Montbéliard au kwa wale wazee wako kumi, usikae kiti cha nyuma kabisa na kutoka kabla ya baraka. Mara nyingi baada ya ibada huwa kuna kahawa na biskuti. Simama hapo na kikombe chako, hata kama utasema sentensi tatu tu. Baada ya wiki mbili au tatu, mwombe mchungaji akupe somo la kusoma Jumapili inayofuata. Utalichukua nyumbani, utalisoma kwa sauti wiki nzima mbele ya kioo, utamsumbua mwalimu wako kwa matamshi, na Jumapili utasimama mbele ya watu wanaokutakia mema ukalisoma. Sijui mazoezi mengine ya mtihani yanayolingana na hayo, na hayatakugharimu hata senti moja.

Kuna jambo dogo la lugha hiyo ambalo mimi lilinirudisha kwenye sala, na nakuachia wewe pia. Umeshafundishwa kuwa muuza mikate ni vous, ile "wewe" ya heshima, mwalimu ni vous, dereva wa basi ni vous, na unaishi kwa hofu ya kukosea. Sasa isikilize sala ya Bwana kwa Kifaransa: que ton nom soit sanctifié, que ton règne vienne. Ni ton, si votre. Mungu anaitwa kwa neno la Kifaransa "tu", ile "wewe" ya watu wa karibu, kama mama anavyomwita mwanawe. Wakatoliki wa Ufaransa walikuwa wakimwita vous katika sala hiyo mpaka mwaka 1966, Wakristo wa madhehebu mbalimbali walipokubaliana maneno ya pamoja. Mimi niliyezaliwa katika Kiswahili, ambamo rafiki na rais wote ni wewe, sikuwahi kufikiri kuwa kumwambia Mungu "jina lako" kunaweza kuwa ujasiri. Jifunze sala hiyo kwa moyo wiki hii. Ukikuta kadi ya zamani, kumbuka kuwa mwaka 2017 Wakatoliki wa huko walibadili mstari wa majaribu, nao sasa huomba ne nous laisse pas entrer en tentation, yaani usituache tuingie majaribuni. Ukiyajua maneno hayo, angalau kwa nusu dakika ya kila ibada hutakuwa mgeni.

Safari zako sizioni kuwa dhambi. Danieli na wenzake walichukuliwa hadi Babeli wakafundishwa lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, na hakuna mahali tunapoambiwa kuwa lugha hiyo ilimpunguzia imani. Aliendelea kupiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Ninachokuuliza ni kwa nini kila safari yako iangukie Jumapili asubuhi. Kama basi ni bei nafuu Jumapili, naamini hata Jumamosi lipo. Na likizo ya Pasaka ikifika na bado una hamu ya njia, nenda Taizé, kijiji cha Burgundy ambako Bruda Roger alianzisha jumuiya yake mwaka 1940 na ambako vijana wa nchi nyingi hukusanyika wiki baada ya wiki. Nyimbo zao ni mistari mifupi inayorudiwa na kurudiwa, na kwa mwimbaji wa sauti ya kwanza ambaye Kifaransa chake bado kinachechemea, hapo ni mahali pa kufungulia koo.

Bahasha ya usharika isikutese. Ile ilikuwa sadaka ya watu waliokupenda, na sadaka haidaiwi kwa siri. Mwandikie mchungaji wako ukurasa mmoja wa kweli kuhusu masomo na upweke, naye atajua la kuwaambia wazee wa kanisa.

Nimemwacha mama yako mwisho kwa sababu ndiko kwenye kidonda chenyewe. Hebu tuhesabu saa. Majira haya ya baridi, mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi, Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa mbili. Mama anapotoka kanisani saa sita mchana, kwako ni saa nne asubuhi, saa ambayo ibada nyingi za huko ndiyo kwanza zinaanza. Na wewe unamwambia umeshatoka. Mama aliyekulea, anayejua kama umelia kwa jinsi unavyoitika haloo, sidhani kama hesabu hiyo imempita. Inawezekana lile swali la neno lilihusu nini halikuwa swali la mahubiri. Inawezekana alikuwa anakufungulia mlango, nawe ukaingia kwa dirisha.

Usimpigie Jumapili, kwa kuwa Jumapili atakuwa amezungukwa na watu na utapata kisingizio cha kuahirisha. Usimwandikie ujumbe pia. Jambo kama hili mama anapaswa kulisikia kwa sauti yako. Wala usianze kwa kumweleza ugumu wa Ufaransa, baridi, wazee kumi na mahubiri usiyoyaelewa, maana hayo yakitangulia yatakuwa utetezi. Anza na kosa lenyewe: "Mama, nimekudanganya. Sijasali kanisani kwa miezi, na yale mahubiri niliyatunga." Kisha nyamaza umwache aseme. Atanyamaza, au atalia, au atakuuliza atawaambia nini akina mama wa jumuiya. Yote hayo yapokee bila kujitetea. Akimaliza, ndipo umwambie kuhusu duka la mikate na kicheko, na jinsi ulivyokosa maneno. Hapo atakuelewa kuliko unavyotarajia, kwa sababu sijawahi kumwona mzazi ambaye hajawahi kuaibika mahali pa ugeni. Mwishoni mwombe akuombee pale pale kwenye simu, kwa Kiswahili, nawe uitikie.

Jumamosi hii saa mbili usiku ya Dar es Salaam, atakapokuwa amemaliza kula na hajalala, kwako itakuwa saa kumi na mbili jioni. Weka salio la kutosha, funga mlango wa chumba, umpigie.