Kabla Hujaichora Ile Pembetatu: kwa mnaoanza kusoma nadharia za motisha

Wanafunzi wapya wa rasilimali watu na wa ualimu wakifika kwenye mada ya motisha, majibu yao ya mtihani hufanana kama yametoka kwenye mashine moja ya fotokopi. Pembetatu yenye ngazi tano za mahitaji ya binadamu, jina la mwanasaikolojia Abraham Maslow juu yake, halafu sentensi isemayo kwamba binadamu hawezi kufikiria ngazi ya pili kabla hajaimaliza ya kwanza. Nimesahihisha mabunda ya karatasi za namna hiyo, na kabla ya kufundisha nilikaa ofisi ya utumishi, mahali ambapo nadharia hizi hukutana na watu wenye madeni, watoto na wakwe. Kwa hiyo naomba mnisikilize kidogo kabla hamjashika rula.

Abraham Maslow alichapisha makala yake ya msingi mwaka 1943, na pembetatu haimo. Mchoro ule ulikuja baadaye, ukaenezwa na washauri wa mambo ya menejimenti, maana ni rahisi kuuweka ubaoni. Alichoandika mwenyewe kina utata zaidi, tena kinavutia zaidi. Alisema hitaji moja halisubiri jingine litimizwe lote. Akatoa mfano wa mtu wa kawaida: mahitaji ya mwili yametimizwa asilimia 85, usalama asilimia 70, upendo 50, kujiheshimu 40, na kule juu kabisa, kwenye utimilifu wa nafsi, yaani kutimiza uwezo wako wote, asilimia 10. Tarakimu hizo hakuzipima popote, alizitoa ili aeleweke tu. Lakini ona zinavyoivunja ile sentensi ya mtihani: mtu yuleyule yuko kwenye ngazi zote tano kwa wakati mmoja, kila moja kwa kiasi chake. Na katika makala hiyohiyo aliwataja wasiofuata mpangilio wake, wakiwemo wabunifu wanaoendelea kuumba huku wakikosa mahitaji ya chini, na watu walio tayari kupoteza kila kitu kwa ajili ya wanachokiamini.

Nyinyi wenyewe mnawajua watu hao. Mshahara haujatosha hata kodi ya nyumba, lakini mchango wa msiba wa jirani utatoka, na wa harusi ya binamu utatoka, hata kama wiki nzima itakuwa ya ugali na mchicha. Ukimpima mtu huyo kwa pembetatu utasema hajui vipaumbele. Ukimuuliza mwenyewe, atakwambia kwamba asipochanga leo, kesho yake hana watu. Kwake watu ndio usalama. Mwaka 2011 Louis Tay na Ed Diener walichapisha utafiti wa takwimu kutoka nchi 123, na walichokikuta kinakaribiana na hilo: mahitaji yaleyale yana uzito karibu kila mahali duniani, lakini mtu anaweza kunufaika na urafiki na heshima hata kama chakula na usalama bado vinasuasua.

Kuhusu kile kilele chenyewe, jueni kimetoka wapi. Wazo la kiumbe kusukumwa kutimiza uwezo wake Maslow alilichukua kwa Kurt Goldstein, daktari Mjerumani aliyewahudumia askari waliojeruhiwa ubongo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Goldstein aliangalia jinsi mgonjwa anavyojipanga upya kwa kile kilichobaki. Maslow alilihamishia wazo hilo kwa watu aliowaona wamefika mbali: Abraham Lincoln katika miaka yake ya mwisho, Albert Einstein, Eleanor Roosevelt, Jane Addams. Hapa mimi huwa mkali. Alichagua watu aliowastahi, kisha akaorodhesha sifa zao na kuziita sifa za mtu aliyetimia. Angeanza na orodha nyingine, angepata sifa nyingine. Hilo haliliui wazo lake, ila linakudai uliandike kama wazo, usiliandike kama kipimo cha maabara.

Sasa Herzberg. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu 203 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Waliwataka wasimulie wakati walipojisikia vizuri sana kazini, na wakati walipojisikia vibaya sana. Mazuri yalihusu mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe. Mabaya yalihusu sera za kampuni, usimamizi na mazingira. Kutokana na hapo likaja fundisho kwamba mshahara huzuia manung'uniko tu na haumpi mtu ari ya kudumu.

Ogopeni bosi aliyemsoma Herzberg nusu. Nimekaa kwenye vikao ambako nyongeza ya mshahara ilikataliwa kwa kumnukuu yeye, na wafanyakazi wakapewa vyeti vya kutambuliwa. Nusu ya pili ya nadharia inasema yale ya kuzuia manung'uniko, kama mshahara, yakikosekana watu wanaumia, na cheti hakizibi pengo hilo. Tena wakosoaji wamesema tangu zamani kwamba binadamu hupenda kujisifia mafanikio na kuyalaumu mazingira kwa mabaya, kwa hiyo mgawanyo ule huenda umetokana na namna swali lilivyoulizwa.

Victor Vroom, 1964, nitampitia haraka kwa sababu mfano wake uko kijiweni. Alisema juhudi hutegemea kama unaamini bidii italeta matokeo, matokeo yataleta malipo, na malipo yenyewe unayataka. Mlinganishe dereva wa bodaboda wa mkataba, ambaye akimaliza hesabu ya bosi pikipiki inakuwa yake, na deiwaka wa siku moja. Angalia nani anabadilisha oili kwa wakati. Mkishaona hilo, hamna haja ya kukariri fomula yake.

Ningetamani mtumie muda mrefu zaidi kwa Edward Deci. Mwaka 1971 aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya kupanga vipande. Waliolipwa kwa kila fumbo, malipo yalipoondolewa, walipungua hamu ya kuyachezea wakati wa mapumziko. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake wakaona jambo la aina hiyo kwa watoto wadogo waliopenda kuchora: walioahidiwa cheti kabla ya kuchora walichora kidogo baadaye, lakini waliopewa cheti bila kutarajia hawakudhurika. Tofauti hiyo ya ahadi ndiyo wengi wenu huiruka. Na kumbukeni, kilichopimwa ni kazi ambayo mtu tayari anaipenda. Hakuna anayefyeka nyasi za ofisi kwa mapenzi, huyo mlipeni. (Mtu aliyewahi kuandaa semina huku kwetu, kisha akajaribu kuirudia bila posho, ataelewa Deci bila mwalimu.)

Deci na Richard Ryan waliendelea hadi wakataja mahitaji matatu: kujiamulia, kujiona unaiweza kazi, na kuwa na watu. Hayo ndiyo niliyoyatumia zaidi nilipokuwa utumishi. Mtu akianza kuchelewa na kuomba ruhusa kila Ijumaa, nilimuuliza ni jambo gani kazini analiamua mwenyewe, ni lipi analiona linamshinda, na akikwama anamfuata nani. Majibu yalinipeleka mbali kuliko fomu ya tathmini.

Kwenye mtihani, kila nadharia iandikieni nani alichunguzwa, aliulizwa nini, na ni wapi haishiki. Makala ya Maslow ya 1943 inapatikana bure mtandaoni na kurasa zake hazifiki 30. Kiingereza chake kinasomeka. Ianzeni kwenye zile asilimia, ziko kuelekea mwisho, halafu mrudi mwanzo.