Kliniki ya afya ya akili mtaani kwenu: nenda kwenye kikao kabla bajeti haijafungwa

Hapa Louisville, Kentucky, kila nikikaa na watu wetu malalamiko ni yale yale, umepiga simu kliniki ukaambiwa mkalimani wa Kiswahili hayupo, acha namba tutakupigia, na hawapigi. Basi lawama zote anabeba dada wa mapokezi. Mimi kazi yangu ni ukalimani kwenye hizi hizi kliniki na nawaambia yule dada hana hata senti moja ya kuamua, kilichoamua ni makaratasi yaliyojazwa kabla hata bango jipya halijapachikwa mlangoni. Na yale makaratasi tuna haki ya kuyagusa, ila hatuendi.

Ngoja nieleze kwanza hela inavyotembea, maana bila hapo mtasema naongea hewa.

Mwaka 2014 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kujaribu aina mpya ya kliniki za jamii za afya ya akili na uraibu, ndo hizo mnasikia zikiitwa CCBHC. Mwaka uliofuata majimbo 24 yakapewa hela ya kupanga tu, hapo hata mgonjwa mmoja hajatibiwa, ni kupanga. Mwisho wa 2016 yakachaguliwa 8 ya kuanza majaribio, Minnesota na New York wakiwemo, Kentucky yetu ikaongezwa pamoja na Michigan 2020, na 2024 yakaingia mengine 10, humo kuna Iowa na Maine ambako Wakongo na Warundi wamejaa. Kliniki ikishapata cheti cha CCBHC inabanwa na masharti: huduma aina tisa, ya dharura iwepo saa 24, na isimfukuze mtu eti hana hela au haishi eneo hilo. Hilo la mwisho lishikeni vizuri.

Sasa malipo. Zamani kliniki ilikuwa inaidai Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, huduma moja moja, kikao cha ushauri bei yake, sindano bei yake, na kitu kama mkalimani majimbo mengi hakikuwa na bei kabisa, yaani kliniki ikimwita inakula hasara yenyewe. Kwenye mpango huu wanachukua gharama zote za mwaka, mishahara, pango, wakalimani, gari la kumfuata mgonjwa nyumbani, wanagawa kwa idadi ya siku ambazo wagonjwa walihudumiwa. Tuseme gharama ni dola milioni 10 na siku hizo kwa wagonjwa wote ni 40,000, inatoka dola 250, basi mgonjwa wa Medicaid akihudumiwa siku hiyo kliniki inalipwa 250, awe kaonana na mtu mmoja au kaonana na daktari, mshauri na keswoka, yule anayefuatilia mambo yako, wote siku moja. Kuna majimbo yanapiga hesabu kwa mwezi ila mantiki ndo hiyo. Kwahiyo mkalimani wa Kiswahili akiwemo kwenye ile ripoti ya gharama, analipwa. Asipokuwemo, mtaendelea kutafsiriwa na watoto. Na hili sio utani, nimeshakuta mtoto wa shule anamweleza daktari kwanini mama yake halali usiku, mtoto anatazama chini, mama anafupisha maneno maana hayo mambo huwezi kuyasema mbele ya mwanao. Sheria hairuhusu mtoto kutafsiri labda iwe dharura kweli, ila wangapi wanajua?

Sasa wanajuaje kama Waswahili wapo? Kabla ya yote kliniki inatakiwa ifanye tathmini ya mahitaji ya jamii, na kila miaka mitatu irudie. Hapo ndo pa kwenda. Niliitwa kutafsiri kikao kimoja cha namna hiyo, ukumbi wa maktaba, saa kumi jioni, muda ambao watu wetu nusu wako shifti ya weahausi na nusu wamelala wanasubiri ya usiku. Mezani pizza, ukutani wamebandika karatasi kubwa kila moja na huduma yake, unapewa stika za rangi unaenda kubandika pale unapoona pana upungufu. Karatasi ya dharura ilijaa mpaka pembeni. Ya lugha ilikuwa na stika chache za kijani na zote kazibandika mama mmoja wa Kisomali aliyekuja na binti yake, kasimama pale pale mpaka mwandishi wa kikao akaandika "Kisomali" kwa kalamu nene. Mswahili wa kutafsiriwa hakuwepo hata mmoja, mimi na beji yangu ya ukalimani nimekaa nakula pizza. Mkalimani hatakiwi kuchangia hoja, lakini nikanyoosha mkono. Wakaandika.

Ukienda usiishie kusema tunateseka, wanaitikia kwa kichwa afu basi. Sema vitu vinavyoandikika. Taja lugha kwa majina, Kiswahili, Kinyarwanda, Kibembe, Kifuliiru, maana wengi wanadhani Mkongo ukimletea wa Kifaransa umemaliza. Sema basi la mwisho linapita saa ngapi, sema mnahitaji miadi ya Jumamosi. Kama mchungaji anaweza kuja na hesabu, kanisa lina kaya ngapi na wangapi Kiingereza hakipandi, hiyo karatasi moja ina nguvu kuliko ushuhuda wa watu kumi. Tena kwenye bodi, sharti ni walau asilimia 51 wawe waliowahi kuugua au familia zao, au kliniki ioneshe njia nyingine ya kuwasikiliza, kwahiyo ulizeni bila aibu: sisi tunaingilia wapi? Afu vijana, moja ya zile huduma tisa ni mtu aliyepitia ugonjwa mwenyewe akapata nafuu kulipwa asindikize wengine. Ni ajira hiyo, na sijaona wetu wanaiomba.

Swali lingine ambalo watu hawaulizi: hii kliniki inalipwa kwa njia gani? Maana kuna zinazopewa ruzuku moja kwa moja na serikali kuu, ya miaka kadhaa, ikiisha wale wafanyakazi wazuri mliozoeana nao wanaondoka, na kuna zilizo kwenye mpango wa Medicaid kupitia jimbo, hizi angalau zina mizizi. Japo na zenyewe ile nyongeza ya serikali kuu ina kikomo, baadaye jimbo litoe la kwake. Kwetu Kentucky bajeti inapangwa Frankfort, makao makuu ya jimbo, kila miaka miwili, ile miaka ya namba shufwa, kikao kinaanza Januari na kufikia katikati ya Aprili kimekwisha. Ukimpigia mbunge wako wa jimbo mwezi wa sita umepiga stori tu. Piga mwezi wa kumi na mbili. Na sio lazima uwe raia, ukishaishi kwenye eneo lake anatakiwa akusikilize, ingawa wenye kura husikilizwa zaidi, tusidanganyane.

La haraka haraka kwa waliokuja juzi: sheria iliyosainiwa Julai 2025 inasema kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 wakimbizi wengi ambao bado hawana green card, ile kadi ya ukaaji wa kudumu, wanatoka kwenye Medicaid ya kawaida inayolipwa na serikali kuu, watabaki na ya dharura. Mwaka wako mmoja hapa Marekani ukitimia omba green card siku hiyo hiyo usingoje. Na ukijikuta katikati huna Medicaid, kliniki yenye cheti hicho bado inatakiwa ikupokee na ikupangie malipo kulingana na kipato chako, kwahiyo beba stabu za mshahara, mwambie dada wa mapokezi unataka fomu ya kupunguziwa, na akikwambia bila Medicaid haiwezekani omba kuongea na msimamizi wake.