Picha moja ya simu haitoshi kumsimamisha kocha

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa kamati ya timu ya kata huku Mpwapwa. Kocha aliyetulea tangu tukiwa watoto alifariki mwaka jana, nasi tumekubaliana kumjengea sanamu ya saruji kwenye lango la uwanja. Tumepata fundi anayesema ataimaliza kwa wiki mbili akitumia picha moja tuliyomtumia kwenye simu, kisha ataipaka rangi ya shaba. Tunaomba vipimo vya mchanganyiko ili isipasuke, na urefu unaofaa. Tuna shilingi milioni 4.

JIBU: Marahaba, katibu, na poleni kwa msiba.

Saruji nitaimaliza haraka, maana hapo sipo mtakapoumia. Ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga, maji yawe machache kadiri mikono itakavyoweza kuufanyia kazi. Mchanga wa korongo uoshwe mpaka maji yatoke safi. Wa kwetu huja na udongo mwingi. Nondo zifunikwe kwa sentimita 3 au zaidi, kwa sababu chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba huipasua sanamu kutoka ndani. Adui mkubwa huku Dodoma ni upepo na jua kavu: saruji hunyang'anywa maji kabla haijashika. Ifunikeni kwa magunia mabichi na kuyamwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, na kama ni Agosti fanyeni 14. Urefu: mtu wa kimo chake halisi akiwekwa nje, juu ya msingi, huonekana mdogo. Kama kocha alikuwa na mita 1.70, mpelekeni kwenye 2.10 hivi.

Sasa hiyo picha moja. Nimeshachoka kuisikia. Inaletwa kwenye karakana yangu na kamati za timu, familia, hata watu wenye ofisi kubwa, na wote wanaamini jambo lilelile: kwamba mtu ni uso, na uso ukifanana kazi imekwisha.

Katibu, ninyi mlimtambua kocha wenu mkiwa goli la pili, jua limewapiga machoni, uso wake hauonekani kabisa. Mlimjua kwa alivyosimama. Bega gani lilishuka? Mikono aliiweka kiunoni au nyuma? Alipokasirika alichuchumaa? Hiyo ndiyo sura ya kocha. Sanamu ya Alex Ferguson, kocha wa zamani wa Manchester United, nje ya uwanja wa Old Trafford, iliyozinduliwa mwaka 2012, imefumbata mikono kifuani kama alivyozoea kusimama. Ya Bill Shankly, kocha wa zamani wa Liverpool, pale uwanja wa Anfield, ya mwaka 1997, imetanua mikono mbele ya mashabiki. Thierry Henry wa Arsenal amepiga magoti, vile alivyoteleza kushangilia bao. Mtu aliyewajua angewatambua hata vichwa vikifunikwa kwa gunia.

Na wapo waliokosea wakiwa na fedha za kutosha. Mwaka 2007 klabu ya Southampton ilizindua sanamu ya kocha wao wa zamani, Ted Bates. Miguu ilikuwa mifupi kuliko kiwiliwili, mashabiki wakaikataa, ikaondolewa ndani ya siku chache na nyingine ikatengenezwa. Mwaka 2017, uwanja wa ndege wa Madeira, Ureno, ulipopewa jina la Cristiano Ronaldo, iliwekwa pale sanamu ya kichwa chake ambayo dunia nzima ilishangaa. Aliyeitengeneza alieleza kwamba alitumia picha alizozikuta mtandaoni. Mwaka uliofuata ikabadilishwa.

Picha ina hila. Simu ikishikwa karibu na uso, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Fundi akiifuata kwa uaminifu, anafinyanga uso ambao kocha hakuwahi kuwa nao. Tena picha ya mbele haisemi kitu kuhusu kisogo, na watu wanaopita langoni jioni wakitoka uwanjani watakiona kisogo.

Kwa hiyo kusanyeni picha za mbele, za pande zote mbili na za nyuma, na video yoyote ya mechi, hata iliyotikisika. Ombeni familia suti yake ya mazoezi, viatu, kofia, filimbi. Suti inapimwa: upana wa mabega, urefu wa mkono, kiuno. Kama ana ndugu aliyefanana naye umbo, aje asimame karakanani nusu saa.

Halafu udongo. Fundi wa kweli hufinyanga kwanza kwa udongo, kwa sababu udongo unasikia maneno. Pua ikiwa ndefu unaipunguza kwa kidole. Saruji ikishakauka hakuna tena cha kusikia, na rangi haijawahi kurekebisha taya.

Hao wa wiki mbili wanaruka hatua hiyo, na ndiyo maana bei yao ni ndogo. Wanaonekana kote siku hizi, kwenye mizunguko ya barabara, milango ya shule, kumbi za harusi. Wanachukua nusu ya fedha siku ya kwanza, wanapiga saruji juu ya nondo, wanapaka rangi na kuiita shaba. Bronzi, hiyo shaba ya sanamu, siyo rangi. Ni udongo, kisha kalibu ya kumiminia, kisha nta, kisha madini yaliyoyeyushwa kwa zaidi ya nyuzi joto 1,000. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam ni ya bronzi, imesimama tangu 1927. Rangi iliyopakwa juu ya saruji chini ya jua letu huanza kubanduka mapema, na saruji iliyoachwa na rangi yake ya kijivu huzeeka kwa heshima zaidi.

Msimlipe mtu yeyote nusu kabla hamjauona udongo. Andikeni malipo kwa hatua: kiunzi, udongo kukubaliwa, kalibu, kusimamisha. Akikataa, mwacheni aende.

Niliwahi kufinyanga mzee mmoja wa mpira nikauridhia uso wake kabisa. Mjane wake alipofika karakanani hakwenda mbele. Alizunguka nyuma, akatazama kimya, akasema, "Mabega siyo yake, mume wangu alikuwa anainamia kulia." Nilishusha bega la kulia kama vidole viwili. Akaanza kulia palepale.

Udongo wa kocha wenu ukiwa tayari, mleteni mjane wake, na mwacheni aanzie nyuma.