Maswali ya Walimu: Wanasimulia Badala ya Kuelekeza

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa darasa la nne katika shule ya kijijini wilayani Chamwino. Niliwataka wanafunzi waandike namna ya kutengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono (dumu la maji linaloning’inizwa kwenye miti na kuinamishwa kwa kukanyaga fimbo iliyofungwa kamba), kazi ambayo walikuwa wameifanya wenyewe wiki iliyotangulia. Wengi waliniletea kisa: “Jumatatu tulikwenda kukata miti, tukachimba mashimo, tukafurahi sana.” Nimewafundisha “kwanza”, “kisha” na “mwisho”, lakini wanayabandika tu mwanzoni mwa sentensi. Darasa lina wanafunzi 87. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mtoto aliyeandika “tukachimba mashimo” anaujua mfuatano wa kazi vizuri kabisa. Amekua akisikia hadithi, na -li- na -ka- ndizo zinazomjia kwanza anaposhika kalamu. Asilolijua bado ni kwamba msomaji wake hakuwapo siku ile ya Jumatatu, na kwamba msomaji huyo anataka kutengeneza kibuyu chake, wala hana haja ya kujua kama ninyi mlifurahi. Ndiyo maana kuongeza viunganishi hakukusaidia.

Ningeanza na kusoma. Andika ubaoni maelekezo ya sentensi tano au sita ya kukunja karatasi iwe kikombe, kisha kila mtoto asome kimya na kutenda, akitumia ukurasa wa daftari lililokwisha. Wewe pita katikati ya madawati ukitazama mikono: asiyeelewa “kunja pembe ya kulia ikutane na ukingo wa kushoto” utamwona papo hapo, bila kusahihisha daftari hata moja.

Baada ya hapo fundisha umbo la kitenzi, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtoto ataandika “toboa dumu” bila shida, lakini akitaka kuendelea ataandika “chukua dumu, litoboa”, kwa kuwa hajaona kwamba kiambishi cha mtendwa kikitangulia, irabu ya mwisho hugeuka: toboa, lakini litoboe, funga kamba, lakini ifunge. Wakubaliane pia kama wanamwelekeza mtu mmoja au wengi, ili “chukua” na “wekeni” visikutane katika aya moja.

Kuandika kwenyewe kufanyike kwa makundi, tena kila kundi liandikie kundi jingine. Wakati nikifundisha, kundi moja liliandika hivi: “Toboa dumu kwa msumari wa moto, kisha mimina maji.” Nililipa kundi la pili karatasi ile pamoja na dumu la lita 5, na msumari nikaushika mwenyewe, nikitoboa pale tu waliponionyesha. Wakanionyesha karibu na kitako. Maji, ambayo huku kwetu hubebwa kichwani kutoka mbali, yakamwagika yote kabla hata kamba haijafungwa, na waandishi wakapiga kelele, “Si hapo, mwalimu!” Niliwaambia wasiseme neno, ila warudi kwenye karatasi. Toleo la pili lilisomeka: “Toboa tundu dogo upande wa mbele, kiganja kimoja chini ya mfuniko, ili maji yatoke dumu likiinama tu.” Kipimo, mahali na sababu, vyote katika sentensi moja, na mimi sikuwa nimewafundisha hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa wanafunzi wako 87, makundi 13 yatakupa karatasi 13 za kusahihisha. Tazama kwanza orodha ya vifaa (sabuni na fimbo ya kukanyagia ndivyo husahaulika mara nyingi), halafu vipimo, halafu mpangilio wa hatua. Tahajia iache mwisho, nawe usiitumie kalamu nyekundu mpaka maelekezo yameshajaribiwa.

Utashawishika kuwapa mada ya kupanda mtama au uwele, kwa kuwa mvua zetu huanza Desemba na kila mtoto ameshika jembe. Ni mada nzuri, lakini kosa la nafasi kati ya shimo na shimo halionekani ndani ya kipindi kimoja. Iahirishe hadi wawe wamezoea kujaribiana maandishi kwa vitu vinavyokamilika mbele ya macho yao.